Kumtoa mtoto mchezoni bila vilio
Dada, umeuliza kwa nini mwanao wa Gredi ya 2 hulia kila jioni anapoitwa kutoka mchezoni aje kuoga na kufanya kazi ya nyumbani. Naamini kinachomuumiza ni kule kuitwa ghafla, kwa kuwa mtoto wa umri huo bado hajui kupima dakika. Hapa Kisumu jua hutua kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni mwaka mzima, basi mpe alama anayoiona, kwa mfano kivuli cha nyumba kikifika langoni. Mweleze kabla hajatoka, kisha umfuate mwenyewe, umshike bega, wala usimwite kwa sauti kutoka jikoni. Usingizi pia usiupuuze: mwenye miaka 6 hadi 12 huhitaji saa 9 hadi 12 kila usiku.