Chui wa Mbao Nne

Mara ya kwanza nilipoalikwa katika shule moja ya sekondari hapa Dar es Salaam kuwaonyesha wanafunzi uchoraji wa Tingatinga, mtindo wetu wa kuchora wanyama kwa rangi kali, nilikwenda na kipande kimoja cha hadibodi, makopo ya rangi ya mafuta na maneno mengi. Nikapaka rangi ya nyuma mbele yao, bluu ikififia taratibu mpaka nyeupe. Wakapiga makofi. Hapo ndipo nilipokwama, maana rangi ya mafuta haikauki ndani ya kipindi kimoja. Kengele ilikuwa inakaribia, nikachora chui juu ya rangi mbichi, na manjano yangu yakageuka kijani. Vijana wale waliondoka wakidhani kazi hii ni ya kubahatisha, jambo lililoniuma kwa siku nyingi.

Tangu hapo nabeba mbao nne. Ya kwanza ni tupu. Ya pili rangi yake ya nyuma imeshakauka. Ya tatu ina umbo la chui, manjano matupu bila doa. Ya nne imebakiza macho na sharubu tu. Maandalizi yananichukua siku kadhaa nyumbani, lakini darasani hakuna anayengoja rangi ikauke.

Usionyeshe mkiwa mmetazamana. Aliye mbele yako anauona mkono kinyume na picha imepinduka. Laza ubao mezani, waite sita sita waje nyuma ya mabega yako, na wanaosubiri wape penseli wachore maumbo. Fungua na madirisha. Harufu ya rangi na mafuta ya taa si ya kuwafungia watoto nayo.

Sasa doa. Muda wangu mwingi naumalizia hapa, kwa sababu doa ndilo linaloonekana rahisi kuliko yote. Brashi isimame wima. Ichovye ncha tu, ishushe mpaka rangi iguse ubao, kisha iinue moja kwa moja. Ukiiburuta hata kidogo, doa linaota mkia. Rangi ikiwa nzito inaacha kichuguu. Ongeza mafuta ya taa tone kwa tone. Ikiwa nyepesi mno, inatambaa.

Haya yote nayasema kabla. Brashi ikishagusa ubao, nanyamaza. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa uchoraji huu, alianza kuchora mwaka 1968, akafariki mwaka 1972. Ni miaka minne tu! Mtindo wake ungezikwa naye kama si vijana wachache, baadhi yao ndugu zake, waliokaa karibu naye wakiiona kazi inavyofanyika. Ndiyo maana naamini jicho la mwanafunzi linahitaji utulivu. Mwalimu anayeongea huku anachora anamgawa mtoto vipande viwili.

Nikishaweka madoa kama kumi kimya kimya, naharibu moja kwa makusudi. Naliacha waliangalie vizuri, halafu nalifuta haraka kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Manjano ya chini, kwa kuwa yamekauka sawasawa, yanabaki salama. Naomba usiiruke hatua hii hata muda ukikubana. Ndipo mabega yao yanaposhuka, na aliyekuwa anaogopa kushika brashi anasogea karibu.

Ubao wa nne siumalizi mimi. Mwezi uliopita niliuweka mezani nikauliza nani atatia jicho. Wavulana wa mbele walinyoosha mikono, lakini nilimwita binti mmoja aliyekuwa ukutani, ambaye nilikuwa nimemwona akifanya madoa kwenye karatasi yake tangu mwanzo. Akaja, akasema, "Shikamoo fundi," akachovya ncha tu. Mkono ulitetemeka mpaka juu ya ubao, kisha ukatulia. Akashusha, akainua wima. Hakuna aliyekohoa darasa zima.