Sabuni za zamani zimebadilishwa harufu, au pua zetu ndizo zimezeeka?

Mkuu umeuliza kama Lifebuoy, Lux na wenzao wamebadilishwa harufu au ni sisi tumezeeka pua. Yote mawili yapo. Ila kuna la tatu watu hawalitaji: sabuni ililala wapi kabla ya kukufikia.

Lifebuoy imebadilika, hapo hakuna ubishi. Kampuni ya Lever walianza kuiuza Uingereza mwaka 1894, na ule ukali wa kihospitali ulitoka kwenye asidi ya kaboliki, dawa ya kuua vijidudu. Hayakuwa marashi yale. India, ambako watu wanaioga kuliko karibu kila mahali, waliachana na harufu hiyo mwaka 2002 wakatia manukato ya kawaida. Kwa hiyo ukinunua nyekundu leo pale Kabwe, hapa Mbeya, ukitegemea ikupige puani kama ile ya mzee wako, utangoja sana. Sabuni ya Pears nayo ilichanganywa upya 2009, Waingereza wakapiga kelele hadi magazetini. Halafu kuna sheria: Machi 2022 Ulaya walipiga marufuku liliali, kiungo cha harufu ya maua kilichokuwa kwenye sabuni na marashi mengi. Anayeuza huko alilazimika kutafuta kiungo kingine.

Sasa hilo la tatu. Miaka ya tisini nilikuwa nauza kwenye duka la mjomba pale soko la Mwanjelwa, kabla soko halijaungua 2006. Duka lenyewe kichochoro tu: pipa la mafuta ya taa chini, makatoni ya sabuni juu ya ubao, pembeni yake dagaa wa Kyela. Kulikuwa na mama mmoja wa Tukuyu, halipi mpaka anuse karatasi. Ananusa, anairudisha: "Mwanangu, hii imelala na mafuta ya taa. Nipe ya kule ndani." Nilimwona msumbufu kweli. Siku moja nikanusa mwenyewe vipande viwili vya katoni moja, cha pembeni na cha katikati, nikanyamaza. Sabuni inatengenezwa kwa mafuta, na mafuta hushika harufu ya jirani. Yale manukato mepesi ya ndimu ndimu ndiyo yanayotangulia kuondoka, yanabaki mazito. Kipande kikikaa dukani mwaka mzima, ukikioga utaapa kiwandani wamechakachua.

Bibi yangu naye alikuwa anaweka Lux kwenye sanduku la vitenge, haiogwi, kazi yake ni kunukisha nguo za harusi na msiba. Alipofariki tukafungua sanduku. Karatasi imefifia, kipande kimepasuka nyufa kama tope la kiangazi, na kinanuka dawa ya nondo tupu. Shangazi akasema, mnaona, ya zamani ilikuwa na harufu yake! Nikachukua kisu nikakimenya kama kiazi, ganda kama nusu sentimita hivi. Kwa ndani kikanukia. Nikatuma mtoto dukani alete mpya, tukazinusa kwa zamu watu watano. Watatu walisema tofauti ni ndogo mno. Shangazi hakukubali, na bado hajakubali mpaka leo.

Na baridi msiisahau. Mwezi wa sita hapa Mbeya maji yanauma vidole, harufu haipandi, unasugua mpaka unakata tamaa. Dada yangu yuko Kyela kwenye joto, tunanunua aina ileile, yeye akioga inanukia mpaka uani. Kila akija huku anasema sisi tunauziwa feki.

Kwa hiyo kabla hujalaumu kiwanda, menya kwanza. Kile kipande cha bibi bado kipo. Mke wangu amekihamishia kwenye vitenge vyake, na ameshanionya nisikisogelee na kisu.