Kabla ya kuwasha kamera, kaa kwanza

Vijana wanaotaka kutengeneza dokumentari huniuliza wanunue kamera gani. Nami huwauliza: kuna kitu gani unataka kukijua? Kama majibu yote unayo tayari, tengeneza tangazo. Dokumentari ni kutafuta, na mtazamaji anatafuta pamoja nawe.

Wengi hudhani dokumentari ni ukweli mtupu kwa kuwa hakuna waigizaji. Lakini Robert Flaherty, mtengenezaji filamu Mmarekani, alipowapiga picha Wainuiti, wenyeji wa kaskazini mwa Kanada, kwa ajili ya dokumentari yake Nanook of the North, iliyotoka 1922, nyumba ya barafu ilijengwa ikiwa wazi upande mmoja ili kamera ipate mwanga. Anayeshika kamera huchagua asimame wapi, na akiwa kwenye uhariri huchagua picha ipi ifuate ipi. Hapo pa kuunganisha ndipo penye hatari. Dokumentari ya Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, ilionyesha minofu ya sangara ikipanda ndege Mwanza na mapanki, yaani vichwa na mifupa ya samaki hao, yakibaki kwa wenyeji. Hayo yalikuwepo. Lakini ilipodokeza kwamba ndege hizo hubeba na silaha, ugomvi ulikuwa mkubwa hadi Rais Kikwete akaikemea hadharani mwaka 2006.

Mimi naamini dawa ya hatari hiyo ni kukaa na watu. Tulipokuwa tukirekodi kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Victoria, mama mmoja muanika dagaa alitupa kwanza ile hotuba ambayo kila Mtanzania huitoa akiona kamera: "Tunaiomba serikali itusaidie." Hakukosea, ndivyo alivyozoea kuulizwa na waandishi. Tuliendelea kurudi, mara nyingine kamera ikiwa ndani ya begi. Siku moja mchuuzi alikuja kununua, mama akachota dagaa kiganjani, akawavunja kuonyesha walivyokauka, akapuliza mchanga, kisha akataja bei na kugeuka kama vile hana shida ya kuuza. Hakuna swali ambalo lingetupatia hayo.

Sauti usiibanie: nunua maiki nzuri kabla ya lenzi ya pili, maana upepo wa ziwani hauna huruma.

Na kabla ya kufunga uhariri, warudie watu wako na kompyuta, waangalie. Ridhaa ya siku ya kwanza haitoshi, maana siku hiyo hakuna ajuaye filamu itakuwaje. Mama yule aliomba tuondoe sehemu aliyotaja deni, kwa sababu anayemdai ni jirani yake. Tuliiondoa, ingawa ilikuwa nzuri.