Kabla ya Kununua Fulana ya Mahame

Sisi tuliolelewa na mama waliovaa kanga tunajua kwamba nguo yenye maandishi husomwa kwanza, ndipo ikanunuliwa. Mimi nilisahau adabu hiyo nikiwa safarini katika jangwa la Mojave, California, nilipoingia katika duka la kituo cha mafuta kando ya barabara kuu na kumnunulia mjomba wangu wa Korogwe fulana nyeusi yenye picha ya bango la Amboy, mahame maarufu ya Barabara ya 66 (Route 66), barabara kuu ya zamani ya Marekani. Amboy kwenyewe sikuwa nimefika. Fulana ilidai kwamba barabara hiyo ilizaliwa 1926 na kufa 1973, nami nikaiamini kwa sababu herufi zake zilipendeza.

Mwaka wa kwanza ni sahihi. Wa pili ndio ulionifedhehesha. Kilichotokea 1973 ni kufunguliwa kwa barabara mpya, Interstate 40, iliyopita kaskazini mwa Amboy, na wasafiri wakahamia huko. Barabara ya 66 yenyewe iliondolewa rasmi katika orodha ya barabara kuu za Marekani mwaka 1985. Kwa maneno mengine, mji ulikosa riziki miaka 12 kabla ya barabara yake kufutwa kwenye karatasi, na hicho ndicho kisa chenyewe, ambacho fulana yangu ilikifuta kwa kukosea tarakimu mbili.

Ndiyo maana nashauri ufike mahali penyewe kwanza, kisha ununue pale pale. Siku iliyofuata niliacha barabara kuu nikaenda Amboy, na ndipo nilipoelewa ni mambo gani yanayostahili kuandikwa kifuani. Mji huu ulianza kama kituo cha reli mwaka 1883, katika njia ambayo vituo vyake vilipewa majina kwa kufuata alfabeti: Amboy kwa A, Cadiz kwa C, Danby kwa D, na kuendelea. Mwaka 1938 Roy Crowl alifungua kituo cha mafuta, na baadaye yeye na mkwewe, Buster Burris, wakaongeza mgahawa na vyumba vya wageni. Bango lenye jina Roy's, ambalo sasa limo katika kila fulana, lilisimamishwa 1959, nalo lina urefu wa mita 15 hivi. Mwaka 2005 Albert Okura, mwanzilishi wa migahawa ya kuku ya Juan Pollo, aliununua mji mzima kwa dola 425,000, na taa za bango zikawashwa tena mwaka 2019 baada ya giza la miaka mingi.

Nilipopita, vyumba vya wageni vilikuwa vimefungwa, lakini kaunta ilikuwa ikiuza petroli, soda na fulana. Katika mji uliobakiwa na bidhaa chache namna hiyo, fulana ni sehemu ya riziki yake, jambo ambalo sikulifikiria nilipokuwa nikitoa fedha zangu kwenye duka la mbali.

Kuhusu chapa, vuta kitambaa taratibu kwa vidole. Wino uliochapwa vizuri hunyumbuka pamoja na kitambaa, lakini picha iliyobandikwa kwa joto mara nyingi huwa kama karatasi ya plastiki juu ya pamba. Ile nyeusi ilikuwa ya aina hiyo, na ilianza kubanduka kabla sijapata mtu wa kuipeleka nyumbani, kwa kuwa niliifua kwa maji ya moto na kuipiga pasi juu ya picha (kosa langu, silisingizii duka). Igeuze ndani nje, uifue kwa maji baridi, uianike kivulini.

Mjomba nilimpelekea ya pili, iliyotoka Amboy kwenyewe, pamoja na maelezo ya ukurasa mmoja. Aliwahi kufanya kazi katika reli ya Tanga, kwa hiyo bango halikumshughulisha hata kidogo. Alinipigia simu kuuliza ni nani aliyepanga majina ya vituo kwa alfabeti, na kwa nini mwenye kuchora fulana hakuweka treni. Kanga, akaniambia, ina pindo, ina jina, na katikati ina mji. Hii fulana yako ina jina tu.