Re: Taa ya AdBlue imewaka, lori halina nguvu mlimani, fundi anataka kutoa mfumo wote

Mkuu salama. Kwa hiyo lori lako la Euro 5 (kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi) likipanda mlima Kitonga linakufa nguvu, taa imewaka na fundi anasema AdBlue, ile dawa ya urea ya kusafisha moshi, "inaua injini" so aifunge. Hapo kwa injini amekudanganya, ile dawa inapulizwa kwenye egzosi, kwenye silinda haiingii kabisa. Lori limejipunguzia nguvu lenyewe kwa sababu kompyuta haijaridhika na moshi.

Anza na dawa yenyewe. Yangu ilinisumbua karibu miezi miwili, nimebadilisha sensa ya NOx, ile inayopima gesi chafu kwenye moshi (bei yake usiulize), kumbe dumu nililonunua njiani lilikuwa limechakachuliwa na maji. Inatakiwa iwe na urea 32.5%, kuna kakipimo ka kuchungulia kwa jicho, mafundi wa mjini wanako. Halafu fungua nozo inayopuliza dawa pale kwenye egzosi, ukikuta chumvi nyeupe imeganda loweka kwenye maji ya moto itayeyuka, usikwangue na bisibisi. Hayo yakiwa sawa ndo uende kwenye sensa, na fundi asome kwanza kodi za hitilafu (code) kwenye kompyuta ya lori, sio kubahatisha.

Kama lako lina EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) basi hiyo ndo ya kuogopa, kipoza chake (cooler) kikitoboka maji ya rejeta yanaingia kwenye injini. Angalia kama maji yanapungua na huoni yanapovujia, au asubuhi inatoa moshi mweupe mzito. Ukiona hivyo usisafiri nalo.

Weka hapa kodi za hitilafu alizosoma fundi, bila hizo siwezi kusema zaidi.