Maswali ya Pasaka: kabla ya kukodi Noah, tazama mwezi

Mwezi wa tatu ukifika katikati, maswali ya matembezi hunijaa. Nimechagua machache. Yaliyofanana na ya mwaka jana neno kwa neno nimeyatupa.

Sikukuu iliyopita tulikwenda ufukwe wa Shangani, hapa Mtwara, na watoto, tukafika saa nne asubuhi. Bahari ilikuwa imekwenda huko, watoto wakachezea madimbwi. Tulikosea wapi? (Mama, Chikongola)

Mwezi, dada yangu. Ukiandama au ukiwa mpevu, siku hizo na mbili tatu zinazofuata ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na tofauti yake hapa kwetu inapita mita 3. Kwa pwani hii maji ya bamvua hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne. Mlifika maji yameisha kabisa. Idi el-Fitri ni mwezi mwandamo, kwa hiyo kila mwaka ni bamvua, hakuna mjadala. Pasaka inataka hesabu kidogo. Ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu, lakini inaweza kuufuata kwa siku chache au kwa wiki nzima. Mwaka 2025 mwezi ulipevuka tarehe 13 Aprili na Pasaka ikawa tarehe 20, tukaangukia maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana.

Siku ya bamvua fikeni saa nane mchana, maji yakiwa yanapanda. Mkiona hesabu ngumu, muulizeni mvuvi yeyote, hatozi kitu. Kinachonichosha ni kamati za safari zinazobishania soda na nyama wiki nzima bila mtu hata mmoja kuuliza maji yanajaa saa ngapi. Na kwa kuwa hamkuuliza, naongeza: fukwe zetu hazina waokoaji. Mtu mzima mmoja asiguse bia siku hiyo, kazi yake iwe kuhesabu vichwa.

Naomba bei. (Wengi)

Bei ya nini?

Tuko kumi na wawili, na watoto. Tunaweza kwenda Kilwa Kisiwani kutoka Mtwara na kurudi siku hiyohiyo? (Baba, Ligula)

Hapana. Mpaka Kilwa Masoko ni karibu kilometa 300, na hapo hamjapata kibali wala boti. Laleni Masoko usiku mmoja. Kibali kinachukuliwa hukohuko Masoko kabla ya kupanda boti, kwa hiyo anayewaambia "twendeni tu, tutamalizana kisiwani" mwacheni aende peke yake. Vukeni asubuhi, maana upepo wa kusi ukianza, mchana bahari huchafuka. Kisiwa cha Songo Mnara ni safari nyingine, msiibane siku hiyohiyo.

Ila nendeni kweli. Kuna watu Mtwara wameshapiga picha Forodhani ya Unguja mara tatu na hawajaukanyaga Msikiti Mkuu wa Kilwa. Watoto wetu wanajua kwamba Livingstone alianzia Mikindani safari yake ya mwisho mwaka 1866, lakini ukiwauliza Sultani al-Hasan bin Sulaiman ni nani, kimya. Ndiye aliyejenga jumba la Husuni Kubwa, na msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta yeye kwenye enzi. UNESCO iliyaingiza magofu hayo kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, ikayaweka kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, yakatoka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyakarabati. Basi kijana wako asipande kuta, na asichonge jina la mchumba wake kwenye matumbawe.

Nyangumi wa Msimbati wanaonekana Pasaka? (Magomeni)

Hapana. Julai hadi Novemba.

Nataka kuwaonyesha wanafunzi wangu mifupa ya mijusi wakubwa Tendaguru. (Mwalimu, Lindi)

Mwalimu, mifupa ya dinosaria hao iko Berlin. Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na watu wetu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa kwenye makumbusho yao, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Tendaguru yenyewe utaona kilima na pori. Nasema uende hata hivyo, watoto wasimame pale na kusikia nani alibeba mizigo ile, lakini si Aprili. Njia ya huko mvua ikinyesha ni kukwama tu. Subiri kiangazi.

Shemeji zangu wanatoka Dar kwa basi siku mbili kabla ya Pasaka. Kuna la kuwaambia? (Dada, Mtanda)

Wasafiri mchana na wasikilize Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kukata tiketi. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara wilayani Kilwa, Somanga ikiwemo, abiria wakakwama njiani. Aprili 2019 Kenneth alikuwa aje kwetu, akaishia Msumbiji. Miezi hii si ya kusema "Mungu atatuvusha" ukiwa na watoto wachanga garini.

Binamu yangu yuko Ujerumani. Anataka kuja na familia Aprili kwa sababu huko ndio wakati wa matembezi, maua yanachipua. (Kijana, Masasi)

Huko yanachipua, huku mvua ndiyo inamalizia. Mwambie Agosti. Akikataa, mpeleke Newala, Shimo la Mungu: unasimama ukingoni mwa uwanda wa Makonde, bonde la Ruvuma liko chini yako na ng'ambo ni Msumbiji. Watoto washikwe mikono, na wabebe masweta. Mkifika asubuhi mkakuta ukungu tupu msiondoke kwa hasira. Kunyweni chai, subirini jua.

Sina hela ya kukodi gari, watoto wanne. (Mama, Chuno)

Pandeni daladala hadi Mikindani. Tembeeni vichochoro vya mji mkongwe, mtazame Boma la Wajerumani la 1895, kisha mkae ufukweni mle mlichobeba. Mihogo na samaki vinatosha. Rudini kabla ya magharibi, jioni ya sikukuu daladala hujaa.