Bosi anataka kubadilisha ahadi tuliyomwandikia mdhibiti, anaruhusiwa?

SWALI: Mimi ni ofisa usalama wa mionzi kwenye kampuni inayopiga picha za welding za mabomba huku Hoima, tunatumia iridium-192, chanzo cha mionzi kinachokaa ndani ya kamera. Baada ya ukaguzi tuliandikia Atomic Energy Council, mdhibiti wa mionzi wa Uganda, barua tukaahidi kupima mionzi nje ya stoo ya kamera kila wiki. Leseni yenyewe haisemi kila wiki. Sasa bosi anataka iwe kila mwezi, anasema hiyo ni ahadi tu, si sheria. Ni kweli? Na wenzetu wa vinu vya umeme wa nyuklia, maana natamani kufika huko siku kinu cha Buyende kikijengwa, wao wanafanyaje?

JIBU: Haya ssebo, bosi wako kasema nusu, na nusu aliyoiacha ndo nzito.

Kwenye vinu vya Marekani wanatenganisha vitu viwili. Kuna sharti, yaani kilichomo kwenye sheria, leseni au amri ya mdhibiti, hicho hukigusi mpaka leseni irekebishwe au upewe msamaha rasmi. Halafu kuna ahadi, yaani kitu mahususi ulichosema utakifanya, umejitolea mwenyewe au mmekubaliana, ukamwandikia mdhibiti kikaingia kwenye faili. Ahadi peke yake haina nguvu kama leseni, hapo bosi yuko sawa, lakini hiyo haimaanishi unaamka asubuhi unaifuta.

Mwaka 1999 chama cha sekta yao, NEI, kilitoa mwongozo unaoitwa NEI 99-04, na mwaka 2000 tume yao ya nyuklia, NRC, ikaukubali. Ni maswali yanayofuatana. Kwanza, je, jambo hili lina njia yake tayari kisheria? Kama limeelezwa kwenye ripoti ya usalama ya kinu unafuata kanuni ya NRC namba 50.59, kama ni mpango wa dharura unafuata namba 50.54(q), huko ndo unaenda. Kama halina, je, badiliko lina uzito kwa usalama? Likiwa nao unasimama, unaongea na NRC kabla hujagusa kitu. Baada ya hapo wanauliza ahadi ilizaliwa na nini: ilikuwa ya kukurudisha kwenye sharti ulilovunja? mdhibiti aliitegemea alipoidhinisha jambo fulani? ilikuwa ya kuzuia kosa lisijirudie? Kutegemea majibu, utawajulisha mapema, au utaweka kwenye ripoti ya muda kwa muda, au utaandika tu sababu zako na kuzitunza ofisini. Nyingi zinaishia kwa kujulisha au kuandika sababu, bila kuomba ruhusa.

Sasa ya kwako. Hiyo ahadi imetoka kwenye ukaguzi, kwa hiyo swali langu ni inspekta alikuta nini siku ile, kabla hata ya kubishana wiki au mwezi. Iridium-192 inapungua nusu kila siku 74 hivi, hiyo ndo inaitwa nusu-maisha, kwa hiyo kama hofu ilikuwa ukuta kuvujisha mionzi, kipimo kikubwa utakipata siku chanzo kipya kinapoingia, baada ya hapo kinashuka tu, na ukipima kila chanzo kipya kinapofika halafu kila mwezi una hoja nzuri kabisa. Lakini kama alikuta kamera imeachwa mahali pasipo pake, au watu wanapita karibu na ukuta, hapo kupima kila wiki hakuhusu kupungua kwa mionzi, kunakamata uzembe wa watu, na uzembe hauna nusu-maisha! Mwezi mzima ni mrefu sana kwa hiyo. Tafuta ripoti ya ukaguzi uisome, usitegemee bosi anavyokumbuka.

Ahadi zinaumiza sana zikibaki kwenye karatasi. Kinu cha Davis-Besse kule Ohio kilikuwa na programu ya kukagua asidi ya boroni inayovuja (inakuwa kwenye maji ya riakta), iliyotokana na barua ya NRC ya mwaka 1988 kwa vinu vya aina yake. Machi 2002 wakakuta asidi imekula kifuniko cha riakta, chuma cha sentimita 16 hivi kimetoboka chote mpaka kwenye bitana la ndani la kama sentimita moja. Programu ilikuwepo, kazi yenyewe haikufanyika inavyotakiwa. Mwaka 2005 NRC iliwapiga faini ya zaidi ya dola milioni 5.

Ndo maana vinu vingi vinaweka alama kwenye prosija, yaani maelekezo ya kazi yaliyoandikwa, pembeni ya hatua iliyotokana na ahadi, na namba ya barua iliyoizaa, ili kijana mpya anayesafisha prosija asiifute akidhani ni urembo. Na wewe fanya hivyo leo, daftari moja linatosha: barua, tarehe, tuliahidi nini, kwa nini, nani anaifanya.

Ila ssebo usijifanye uko Marekani ukabadilisha kwanza halafu ukaripoti baadaye. Mwongozo wa NEI ni wa vinu vyao, wewe leseni yako ni ya Kampala. Andikia Baraza, yaani hao Atomic Energy Council, kabla, ukurasa mmoja tu: tuliahidi hivi kwa barua ya tarehe fulani, tunataka iwe hivi, sababu ni hizi, vipimo vyetu vya miezi iliyopita ni hivi hapa. Na mpaka wajibu, endelea kupima kila wiki, hata bosi akinuna.